Nilipokabidhiwa Waya wa Intaneti

Nilipata kazi ofisini kwa Mzee wakati ambao kila mtu Arusha alionekana anajenga. Serikali ilikuwa imeacha kushikilia kila kitu, maduka ya vifaa yamejaa mabati ya rangi na vigae kutoka nje, na watu waliozoea kupanga chumba kimoja mjini walikuwa wananunua viwanja Olasiti na kuulizana nani anaweza kuwachorea ramani. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi na cheti changu cha uchoraji ramani, nikarudi nyumbani Akheri kumsaidia mama kuchuma kahawa huku nikisubiri kazi. Jirani yetu mmoja alikuwa anasali usharika mmoja na Mzee. Akanipeleka kwake Jumatatu asubuhi, nikapewa kipande cha karatasi na kalamu, nikaambiwa nichore ngazi. Nilichora. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza mtu mwenye miguu mirefu kama yeye atapandaje, nikaifuta nikaanza upya. Mchana akanionyesha meza yangu.

Alikuwa Mchaga wa Machame, mzee wa kanisa, mrefu na mkimya, aliyefanya kazi serikalini upande wa ujenzi hadi wafanyakazi walipopunguzwa. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katika mtaa wa zamani wa maduka. Tulikuwa watatu tu. Mwenzangu alikuwa mwanaume aliyenizidi miaka kama kumi, wa familia ya Kirangi iliyokaa Arusha tangu enzi za babu yake. Nilimwita Kaka, naye aliniita dada. Meza yake ilikuwa chumba cha pili, yangu na ya Mzee chumba cha mbele, na mlango wa katikati ulikuwa wazi karibu kila wakati. Naye alikuwa amepunguzwa kazini kulekule alikopunguzwa Mzee, na Mzee ndiye aliyekwenda kumtafuta nyumbani kwake kumwambia waanze kitu chao. Hilo Kaka hakulisahau.

Miaka ya mwanzo tulifanya kazi kwa utaratibu ambao sikujua kuwa ni mzuri, kwa sababu sikuwa nimeona mwingine. Mzee alifika kabla yetu. Alipita nyuma ya meza zetu na penseli nyekundu, hasemi kitu, anaweka alama ndogo mahali ambapo mlango ungegongana na dirisha au maji ya paa yangemwagikia jirani. Mara mbili kwa wiki alikwenda kwenye majengo. Alikuwa na msemo mmoja tu wa kazi, kwamba ramani haijaisha mpaka mtu amelala ndani ya nyumba, na alikuwa anaufuata.

Mkewe alifariki mwaka wangu wa tatu pale. Alikuwa mama mchangamfu aliyekuja ofisini na ndizi za kupika zilizofungwa kwenye kanga, akituuliza Mzee amekula au hajala. Baada ya mazishi Mzee alirudi kazini mapema kuliko tulivyotegemea, na tukachukulia kwamba amejikaza.

Intaneti ilikuja muda mfupi baada ya hapo. Tulikuwa tumepata kazi ya zahanati kijijini Nduruma, iliyokuwa inajengwa kwa nguvu za wananchi na msaada wa wafadhili kutoka nje, na wafadhili walitaka kutumiwa michoro kwa barua pepe. Fundi akaja na kisanduku kidogo chenye taa, akakiweka kwenye meza ya Mzee karibu na kompyuta yake, akavuta waya kutoka ukutani. Wakati huo laini ya simu na ya intaneti ilikuwa moja. Ukiingia mtandaoni, simu ya ofisi hailii, na anayepiga kutoka nje anasikia mlio wa kwamba inatumika. Fundi alituambia hivyo, tukaitikia kwa vichwa, tukaona ni jambo dogo. Kisanduku kikalia kama bati linalokwanguliwa, kikanyamaza, na tulikuwa tumeunganishwa na dunia. Sote watatu tulisimama pale tunatazama.

Siwezi kusema haikutusaidia. Michoro iliyokuwa inapanda basi kwenda ofisi ya wafadhili Nairobi na kukaa huko wiki nzima ilikuwa inafika na kujibiwa kabla ya chai. Kaka alipenda kusoma matokeo ya mpira, mimi nilipenda kuandikiana na rafiki niliyesoma naye chuoni aliyekuwa amehamia Mwanza. Lakini mashine ilikuwa mezani kwa Mzee, na sisi tuliingia kwa kuomba. Tulikaa dakika chache tukiwa tumesimama nusu, tukatoka. Haukuwa wema wetu uliotuzuia. Kilikuwa kiti cha mtu mzima.

Mzee hakuwa na wa kumwomba.

Nyuma ya kiti chake kulikuwa na kabati la vioo tulimoweka ramani za zamani zilizokunjwa. Kutoka mezani kwangu niliona kioo cha kabati, na ndani ya kioo hicho nikaona skrini yake. Siku moja niliona miraba myeusi na myeupe. Nilidhani anachagua vigae. Siku iliyofuata niliiona tena, na safari hii niliona maduara yanasogea.

Nilimwambia Kaka tulipotoka kwenda kula. Akacheka. Alisema Mzee ujana wake alikuwa bingwa wa drafti kwenye makambi ya ujenzi wa barabara, kwamba watu walikuwa wanatembea kutoka kambi nyingine kuja kumpinga. Alifurahi kwamba amepata huko mtandaoni wa kucheza nao, kitu cha kumwondolea mawazo. Nami nilifurahi. Tulimwonea huruma, na tuliona michezo miwili mitatu kwa siku haiwezi kumdhuru mtu aliyefanya kazi maisha yake yote.

Haikuwa miwili mitatu. Penseli nyekundu ilianza kukaa mahali pamoja. Ramani tulizomaliza zilikaa kwenye kona ya meza yake zikisubiri saini, na tulipokwenda kuzifuata alisema subiri kidogo, bila kugeuka. Kaka aliambiwa asogeze choo cha nyumba moja upande wa mashariki, akakisogeza, kisha akaulizwa nani amekitoa magharibi. Mteja mmoja wa Olasiti alikaa kwenye benchi hadi akasinzia. Mzee hakuwa mkali wala mlevi wala mtoro. Alikuwepo, kwenye kiti chake, amevaa koti lake, kuanzia asubuhi hadi jioni, na hakuwepo.

Tuliliongea mara nyingi, mimi na Kaka, na kila mara tuliishia palepale. Kaka alisema yeye hawezi kumsema mtu aliyemfuata nyumbani siku alipokuwa hana kitu. Mimi nilisema mimi ni binti mdogo, ninamwamkia shikamoo kila asubuhi, nitaanzia wapi. Kaka alipendekeza mchungaji. Nilikataa, kwa sababu nilijua Mzee angeaibika kanisani na asingetusamehe. Basi tukaendelea kuchora, na mimi nikageuza meza yangu kidogo ili nisikione kile kioo. Baada ya siku chache nikairudisha.

Zahanati ya Nduruma ilikuwa imefika hatua ya msingi. Wananchi walichimba mitaro kwa zamu, kitongoji kwa kitongoji. Mzee alitakiwa kwenda kuitazama kabla zege halijamwagwa, maana kule chini udongo hubadilika ghafla. Unachimba udongo mwekundu mgumu, na hatua chache mbele unakuta ule mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Alisema atakwenda Alhamisi. Alhamisi ikapita. Akasema wiki ijayo.

Fundi mkuu wa pale alikuwa mtu wa Usa, mji mdogo ulio barabara ya Moshi, mwenye umri wa Mzee au zaidi kidogo. Alikuja mwenyewe ofisini, asubuhi, suruali imekunjwa na viatu vina tope lililokauka. Tulishangaa, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuja mjini. Alituamkua, tukamwamkia, akaenda kusimama mbele ya meza ya Mzee na kofia mkononi.

"Nimekupigia simu tangu Jumatatu," alisema. "Natembea hadi Usa dukani, napiga, inatumika. Narudi, kesho yake naenda tena, inatumika. Nikasema watakuwa na kazi nyingi hawa."

Hakusema kwa kejeli. Aliamini hivyo kabisa. Niliinamisha kichwa juu ya karatasi yangu.

Akaeleza kilichotokea. Upande wa kaskazini mitaro iliingia kwenye udongo mweusi. Akasimamisha kazi ili aulize achimbe hadi wapi. Alipokuwa bado anatafuta simu, mvua ikanyesha usiku mzima, mitaro ikajaa maji na ukuta mmoja wa udongo ukabomokea juu ya nondo zilizokwisha kufungwa. Hakuna aliyeumia kwa sababu hakukuwa na mtu. Lakini kitongoji kilichokuwa na zamu kilipofika asubuhi na kukuta kazi ya wenzao imezikwa, watu walikaa chini, kisha wakaanza kuondoka mmojammoja. Wengine walisema zahanati haitajengwa, kwamba watu wa mjini wamewadanganya kama wengine waliowahi kuwadanganya.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Alisema kesho asubuhi atakuwa pale. Akaniambia nimpe mgeni chai. Nikamweka fundi kwenye benchi, nikammiminia chai kwenye kikombe, nikamtafutia mkate. Nilipokuwa narudi mezani kwangu macho yakaenda kwenye kabati bila mimi kuyatuma. Miraba ilikuwa bado ipo. Mkono wa Mzee ulitembea polepole juu ya meza, duara moja likasogea, na fundi alikuwa hajamaliza chai.

Nadhani kama nisingeona hilo ningenyamaza tena.

Nilisubiri fundi aondoke. Nikasubiri Kaka aende kuswali adhuhuri, kwa sababu sikutaka Mzee aambiwe mbele ya mtu. Halafu nikaenda kusimama mahali alipokuwa amesimama fundi.

"Mzee," nilisema, "naomba nikwambie jambo. Ukitaka kunifukuza nikimaliza, sitalalamika."

Akageuka. "Sema."

"Fundi hakutukosa kwa sababu tuna kazi nyingi. Laini ilikuwa na wewe. Tangu Jumatatu ilikuwa na wewe."

Alinitazama. Sikuweza kusoma uso wake. Nikaendelea haraka. Nilimweleza habari ya ramani zinazosubiri saini, ya choo cha mashariki na magharibi, ya mteja aliyesinzia. Nikamwambia Kaka anafanya kila kitu mara mbili na hasemi kwa sababu anamheshimu. Nikamwambia nami namheshimu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Rudi kwenye meza yako."

Nilirudi. Nilianza kukusanya vitu vyangu taratibu, rula yangu, kalamu za wino, sweta iliyokuwa imetundikwa kwenye kiti, nikiviweka pamoja ili nikiambiwa niondoke nisihangaike kuvitafuta. Kaka aliporudi aliona vile vitu, akanitazama, akamtazama Mzee, akaenda kuketi kwake. Mchana ule ulikuwa mrefu. Wala hakukuwa na mlio wa kisanduku. Kulikuwa na kelele za mtaani na mkasi wa fundi cherehani wa duka la chini.

Jioni Mzee alisimama, akachomoa ule waya kwenye kisanduku na kwenye ukuta, akaurudisha waya wa simu mahali pake. Akauviringisha ule wa intaneti mkononi, akaja kuuweka juu ya meza yangu.

"Kaa nao wewe," alisema. "Saa nne asubuhi unanipa, nasoma barua za kazi, nakurudishia. Jioni kabla ya kufunga, vilevile. Nikikuomba wakati mwingine wowote, usinipe."

"Hata ukiniamuru?"

"Nikikuamuru ndiyo kabisa usinipe."

Akachukua kofia yake akashuka ngazi. Kaka alinisaidia kurudisha vitu vyangu kwenye droo.

Kesho yake tulikwenda Nduruma wote wawili, Mzee na mimi, kwa pikapu yake. Wananchi walikuwa wameitwa, lakini walikuja wachache, na walikuja kutazama tu, hakuna aliyeshika jembe. Mzee aliingia mtaroni na viatu vyake vya ofisini. Alichukua udongo mkononi, akaufinyanga, akapima, akatembea urefu wote wa jengo. Alipotoka alisimama mbele ya watu na suruali imeloa hadi magotini.

Aliwaambia kosa ni lake. Alitakiwa awe amefika pale kabla ya mvua, na hakufika. Nondo zitatolewa na kusafishwa, udongo mweusi utaondolewa upande ule na kujazwa kifusi cha changarawe, na gharama ya ziada ataibeba yeye, si wao.

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akamwuliza, kwa upole kabisa, kama alikuwa anaumwa.

Mzee alipangusa tope mikononi. "Hapana, mama. Nilikuwa ofisini tu."

Yule mama alionekana hakuelewa, lakini hakuuliza zaidi. Fundi akavua shati akashuka mtaroni. Baada ya muda vijana wawili wakamfuata, na kabla hatujaondoka kulikuwa na mstari wa watu wanapokezana karai za udongo. Si wote waliorudi. Kitongoji kimoja hakikurudi kabisa hadi jengo lilipoezekwa.

Njiani kurudi Mzee aliendesha polepole. Tulipofika lami alianza kuongea, akiwa anatazama barabara. Alisema nyumbani akifika anafungua redio kabla ya kuvua koti, ili kuwe na mtu anayeongea. Watoto wake mmoja alikuwa Dar es Salaam na mwingine ng'ambo, na wote walipiga simu Jumapili. Kisha akaniambia habari ya mtu wa Brazili. Kulikuwa na watu wengi kwenye mchezo ule, lakini huyo mmoja alikuwa anamngojea. Mzee akichelewa kuingia, huyo alimwandikia kumwuliza yuko wapi, kwa Kiingereza kibovu.

"Kama changu," alisema. "Ni muda mrefu sijaulizwa niko wapi."

Nilimwuliza kama amemuaga.

Hakuwa amemuaga. Basi siku iliyofuata saa nne, nilipompa waya, aliniomba niketi karibu nimwangalizie Kiingereza. Aliandika mistari michache, kwamba mchezo umekuwa unamharibia kazi, kwamba anashukuru, kwamba hatacheza tena mchana. Jibu lilikuwepo tuliposoma jioni. Yule mtu alisema anaelewa. Alisema yeye ni mpokea wageni wa zamu ya usiku hotelini, asubuhi yetu ni usiku wa manane kwake, na wiki ile mgeni mmoja alikuwa amegonga kengele hadi akaenda kulala hoteli nyingine. Mzee alisoma, akavua miwani, akacheka hadi Kaka akaja kutoka chumba cha pili kuona kuna nini.

"Kumbe na yeye alikuwa kazini," alisema.

Ningependa kusema baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka upesi. Wiki ya kwanza Mzee alikuja mezani kwangu kwa heshima na kusema anasubiri barua muhimu. Nilimwuliza inatoka kwa nani, akasimama akifikiri, akarudi. Kesho yake alisema anataka kuangalia hali ya hewa. Nilimwelekeza dirishani, mlima ulikuwa wazi hadi kileleni. Alitazama mlima, akatikisa kichwa, akarudi. Mikono yake haikujua pa kukaa. Alichonga penseli zote za ofisi, zangu na za Kaka. Alipanga upya ramani kabatini. Wakati mwingine alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Nami sikutaka kujifanya ninajiweza. Waya ulikuwa kwenye droo yangu, Mzee alikuwa anatoka kwenda kwenye majengo tena, na rafiki yangu wa Mwanza alikuwa anaandika barua ndefu za kuchekesha. Kwa hiyo nilifunga droo, na ufunguo wake nikampa Kaka. Mimi nilikuwa na waya, yeye alikuwa na ufunguo. Ilibidi tukubaliane wawili ndipo mtu aingie mtandaoni, na kukubaliana kwenyewe kulitutia aibu ya kutosha.

Siku ngumu ilikuja mchana mmoja, kwenye mwezi wa pili au hivi wa utaratibu ule. Tulikuwa na nyumba kadhaa za Olasiti za kumaliza, joto kali, na Mzee alikuwa amegombana kwa simu na muuza nondo. Alikuja moja kwa moja, akanyoosha mkono.

"Nipe waya."

"Bado saa, Mzee."

"Binti, ofisi hii ni yangu."

"Ndiyo, Mzee. Ni yako."

Niliweka kiganja juu ya droo, nikaona hata mimi mwenyewe ni jambo la ajabu, binti wa Akheri amezuia droo mbele ya mtu anayemlipa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Sijui angefanya nini. Kaka, bila kuinua kichwa kutoka kwenye mchoro wake, akasema kwa sauti yake ya kila siku kwamba zile nyumba za Olasiti ziko tayari, na kuna mahali pamoja kwenye paa hana uhakika napo.

Mzee akaenda kwenye meza ya Kaka. Nilisikia anauliza mwinamo wa paa, Kaka anajibu, Mzee anakataa, Kaka anabisha, na wakaendelea hivyo hadi saa ya kufunga. Jioni nilipomletea waya wake kwa ajili ya barua alikuwa hajakumbuka kuuomba.

Katika miezi ile ndipo nilipojifunza jambo kuhusu kazi yangu ambalo chuoni hawakunifundisha. Ukichora ngazi unabeba kichwani vitu vingi kwa pamoja, urefu wa sakafu hadi sakafu, idadi ya vidato, boriti inayopita juu, mtu anayepanda na ndoo kichwani. Vyote vimeshikana, lakini vimeshikana kwa muda tu, kama mzigo wa kuni ambao haujafungwa kamba. Mtu akikuita, vinaanguka. Unaviokota tena, na kimoja hukioni, na hicho usichokiona ndicho kitakachompiga mtu kichwa miaka yote atakayoishi ndani ya ile nyumba. Zamani nilidhani nikichoka ndiyo nakosea. Nilipoanza kujitazama niliona nakosea zaidi asubuhi nikiwa mzima kabisa, mara baada ya kusoma barua ya kuchekesha. Nikahamishia barua zangu jioni. Mzee naye, bila mtu kumwambia, alianza kukataa kuzungumza na yeyote kabla ya saa nne, hata sisi. Saa zile ofisi ilikuwa kimya kiasi kwamba mteja akipanda ngazi alipunguza hatua mwenyewe.

Zahanati iliezekwa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Mzee alikuwa anakwenda Nduruma kila wiki, hata wiki ambazo hakuhitajika. Jumapili alianza kukaa baada ya ibada kwenye kikundi cha wazee wanaotembelea wagonjwa, akawa analalamika kwetu Jumatatu kwamba wanaongea mno. Tulijua analalamika kwa furaha. Redio sijui kama aliacha kuifungua. Sikumwuliza.

Miaka ikapita, na intaneti ya aina nyingine ikaja mjini, isiyoziba simu na isiyolia. Ilikuwa inakaa wazi siku nzima. Mzee aliichelewesha kadiri alivyoweza, hadi wateja wakaanza kutushangaa. Siku fundi alipokuja kuifunga alikuwa kijana mwenye haraka, akaanza kupima kutoka mlangoni hadi kwenye meza kubwa, kama kila mtu angefanya.

Mzee akamwambia waya uishie chumba cha Kaka. Kijana akaeleza kwa adabu kwamba hakuna gharama zaidi kuufikisha kwa bosi.

"Usiulete huku," Mzee alisema. "Mimi sijiwezi na hiki kitu."

Kijana akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Mzee hakucheka. Alimpeleka chumba cha pili, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutoboa ukuta, akarudi kuketi. Keekee ikaanza kunguruma upande wa pili, vumbi likaingia chini ya mlango. Akaniita nilete mchoro wa nyumba ya ghorofa tuliyokuwa nayo wiki ile. Aliutazama kwa muda, akaweka alama nyekundu kwenye kituo cha ngazi, pale inapokata kona, akasema kitanda kikipandishwa hakitageuka pale. Nilikuwa nimepima mtu, sikupima kitanda. Nikavuta kiti, nikaifuta ile sehemu, tukaanza kuhesabu vidato tangu chini.